Anayeanza Kunywa

Nilipofungua nyumba ya mama baada ya mazishi, sikulia kwa kuona kitanda chake wala kitenge chake kilichokuwa bado kinaning'inia mlangoni. Nililia kwa ajili ya harufu. Ilitoka juu, kwenye mwanya kati ya ukuta na mabati, mahali mama alipozoea kuficha vitu vya thamani: sindano, kitambulisho, sabuni ya wageni. Nilipanda kiti, nikapapasa, nikashika fungu la mirija ya matete lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndiyo mirija ambayo watu walinywea pombe ya mtama tuliyowapikia nilipokuwa mtoto. Ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kukauka kabisa, lakini nilipoisogeza puani ikanipa ule uchachu wa kimea uliochanganyika na moshi, na masikio yangu yakawaka moto.

Masikio yangu yana tabia hiyo. Nauza vitenge kule Asiatique, mtaa wa maduka mjini Bujumbura, nimezoea kubishana na wateja wa kila aina, na wenzangu wa maduka ya jirani husema ulimi wangu hauna breki. Lakini mteja akinijia na parachichi kwenye kikapu, eti asante kwa kitenge kile cha harusi, nashindwa kuzipokea. Nasema nina tumbo. Nasema nyumbani zimejaa. Majirani zangu wa Nyakabiga wananiona nina maringo, na sijawahi kuwasahihisha, maana maringo yana heshima zaidi kidogo kuliko ukweli. Ukweli ni aibu. Wa rika langu, hasa nyinyi mliolelewa na mama mwenye jembe, labda mtanielewa.

Tulikaa kaskazini mwa Bujumbura, nyuma ya uwanja wa ndege, pale mji unapochoka na uwanda wa mpunga unapoanza. Kabla sijazaliwa, serikali ilichimba mfereji kutoka mtoni, na kwangu mimi mtoto mfereji ule ulikuwa mpaka wa dunia. Chini yake kila kitu kilikuwa kijani. Juu yake tulikaa sisi. Ardhi yetu iliinuka kidogo tu, mwinuko ambao hata bibi kizee angeupanda bila kupumzika, lakini maji hayajui kupanda. Yalipita karibu na miguu yetu mchana kutwa, tukiyasikia, na sisi tukaendelea kutazama mbingu. Kule uwandani mvua si ya kutegemea. Ikichelewa, majani ya mahindi yetu yalijikunja kama sigara, na hapo hapo chini vyura wanaimba kwenye mpunga wa wenzetu.

Mama alitoka ng'ambo, Kongo, upande wa Uvira. Alivuka mto Rusizi akiwa msichana, akaolewa na baba, na baba akafa kabla sijaijua sura yake. Ndugu za baba walimwachia mama kile kipande cha juu ya mfereji. Si kwamba walimpendelea, ni kwamba hakuna mwingine aliyekitaka. Akapanda mtama, kwa sababu mtama huvumilia, na mihogo kidogo, na maharage mvua ikiwa na huruma. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila kulikuwa na jambo moja alilolitamani mpaka likawa kama mtoto wa pili pale nyumbani: kipande cha chini, hata kiwe kidogo namna gani, chenye maji, kilichoandikwa kwa jina lake. Mwenye kipande cha chini alivuna hata mvua ikigoma. Mtoto wake hakufukuzwa shule katikati ya muhula. Mama aliniambia hayo mara nyingi tukipalilia, na mimi nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mbinguni.

Kabla ya kila msimu, kamati ya mfereji iliita watu kuzoa tope. Waliokuwa na maji walikwenda shingo upande. Mama, ambaye hakuwa na hata tone, alifika mapema kuliko wote, sketi imefungwa juu ya magoti, akatoa tope mpaka jua likawa kali. Aliamini kwamba anaonekana. Mimi nilikaa ukingoni nikivua viluwiluwi kwa kopo.

Jirani yetu Mama Leokadia, ambaye alikuwa na kipande cha mpunga kule chini, ndiye aliyemfungua mama macho. Au aliyemfunga, mpaka leo sijaamua. Siku hiyo walikuwa wanachambua maharage uani kwetu.

"Mama Adela, utachimba tope mpaka uzeeke," alisema. Adela ndiye mimi. "Wanakuona, lakini haujaomba."

"Naomba na mikono. Hawaione?"

"Apana. Huku kwetu mutu haombi udongo mikono mitupu. Unapika pombe, unapeleka kwa Mzee Melkiori, unaomba mbele ya watu. Njo watajua uko mutu."

Mzee Melkiori alikuwa mwenyekiti wa kamati, prezida, kama watu walivyomwita. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji, na kwa hiyo hata kikohozi chake kilisikilizwa. Mama alikuwa amekwisha kuchagua kipande anachokitaka. Mwisho kabisa wa mfereji palikuwa na mahali pa matete, pameachwa tangu mradi wa mfereji uanze, hapakuwa pa mtu yeyote. Watoto tulicheza pale, na ng'ombe waliopotea walitafutwa pale. Mama aliona kwamba mahali ambapo matete yanaota, mpunga hauwezi kukataa.

Basi tukapika. Nani wa rika langu asiyekumbuka nyumba yenye kimea? Mtama uliloweshwa, ukatandazwa chini ya majani ya mgomba kwenye pembe ya chumba tulichokuwa tunalala, na ukaanza kuchipua vimkia vyeupe. Nililala na harufu yake ikipanda godoroni, tamu na ya unyevu. Halafu ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa, moshi ukaingia hata kwenye daftari zangu za shule. Wakati pombe inachacha, mama alinichukua tukaenda kule kwenye matete. Tukakata membamba, tukayatoboa na kuyakwangua mpaka yakawa mirija laini. Akaninunulia na kandambili mpya za bluu. "We njo utabeba mirija," aliniambia. "Utembee vizuri. Usicheke-cheke."

Ningewezaje kutocheka? Tulishuka mchana, tukavuka ubao wa mfereji, mama na mtungi kichwani umezibwa kwa majani ya mgomba, mimi nyuma na fungu langu mkononi kama padri msaidizi. Barazani kwa Mzee Melkiori wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na wanawake wachache pembeni, Mama Leokadia akiwemo. Mama alitua mtungi, akapiga magoti.

"Mzee, nimewaletea kitu kidogo ya kuondoa kiu. Niko mujane, niko na mutoto moja. Pale kwenye matete, mwisho ya mfereji, naomba mahali ya kuweka jembe."

Mzee Melkiori alitazama mtungi, akanitazama mimi, akasema, "Leta mirija."

Nilipita mbele ya watu wale wote. Kisha likatokea jambo lililonijaza kifua. Mama alichukua mrija mmoja, akautia mtunguni, akainama, akanywa. Yeye wa kwanza. Wazee wote, na mwenyekiti mwenyewe, walikaa wakimsubiri mama yangu amalize. Kanisani nilikuwa nimeona kwamba padri ndiye hunywa wa kwanza. Nyumbani kwa watu wenye baba, baba ndiye hupakuliwa wa kwanza. Nikajumlisha mwenyewe: kumbe mama yangu ni mkubwa. Kumbe hawa wote ni wageni wetu, na sisi ndio tunawapa.

Mama alijifuta midomo, akajitenga pembeni, akasimama. Sikuuliza kwa nini hakupewa benchi. Walikunywa, wakasifu pombe, wakaongeza maji ya moto, wakanywa tena. Jua lilipolegea Mzee Melkiori akasema, "Lima. Tutaonana ku mavuno." Mama akapiga makofi taratibu kushukuru.

Matete yale yalimtoa damu. Mizizi yake ilikuwa minene kama vidole na ilirudi kila ulipogeuza kisogo. Na maji yalitufikia mwisho, baada ya kila mtu kunywesha shamba lake, yakiwa membamba na yamechelewa. Siku nyingine hayakufika, na mama alitembea kando ya mfereji kwenda juu kutafuta yamekwama wapi, akirudi bila kuniambia alichokikuta. Hata hivyo tulivuna. Nakumbuka wali ule wa kwanza wa kwetu, ulivyonata, ulivyokuwa na vijiwe, na mama alivyonikataza kuuita mchele mbaya. Ndege wa mpunga nao, mpunga wa wengine ulipoisha, wote walihamia kwetu, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kila baada ya mavuno tulipika tena, tukashuka tena, na mimi na mirija yangu. Kila mara mama akaanza kunywa, na kila mara kifua changu kikavimba.

Kifua kilichovimba hakikosi kupasuka. Darasani nilikaa na Goreti, binti wa Mzee Melkiori. Hakuwa mtoto mbaya. Aliniazima kalamu, tuligawana muhogo. Siku moja wakati wa mapumziko wasichana walikuwa wanashindana, baba yangu ana hiki, mjomba wangu ana kile, na mimi ambaye sikuwa na baba wala mjomba nikatoa nilichonacho.

"Mama yangu anapatiaka wazee pombe," nilisema. "Na hawawezi kunywa kama mama hajaanza. Hata papa ya Goreti anangojaka."

Goreti alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Anaanza juu ya sumu," alisema.

"Sumu gani?"

"Mwenye kuleta pombe njo anaanza, watu waone haiko sumu. Haukujua?" Kisha akaongeza, kama mtu anayekuambia jina la mti, "Mama yako ni mugererwa wetu. Analima kwetu, analeta pombe. Akiacha kuleta, papa anamutosha, anamufukuza mu shamba."

Wasichana hawakucheka sana. Ingekuwa afadhali wangecheka sana. Neno lile nilikuwa nimelisikia kwa watu wazima: mugererwa ni yule anayelimishwa kwenye ardhi ya mwingine, na pombe yake ya kila mavuno ndiyo inayosema mbele ya watu kwamba ardhi si yake. Nilikuwa nimelisikia kama unavyosikia jina la ugonjwa ambao kwenu haujaingia. Masikio yakawaka. Ndiyo mara yao ya kwanza, na hayajajifunza kuacha.

Jioni nilimwuliza mama kama ni kweli. Alikuwa anapepeta mchele na hakusimamisha ungo.

"Mugererwa njo nini?" alisema. "Ni mutu mwenye anakula. Jana ulikula wali, ao haukukula?"

"Nilikula."

"Basi."

Mavuno yaliyofuata nilibeba mirija nikitazama chini. Nilijua sasa kwamba mama anapoinama anaonyesha kuwa hajawatilia sumu. Nilijua kwa nini hana benchi. Niliona mambo yote niliyokuwa nimeyaangalia bila kuyaona, hata namna watu walivyosema asante wakimtazama Mzee Melkiori badala ya mama. Niliona aibu kwa ajili yake, na zaidi niliona aibu kwa ajili ya yule mtoto mwenye kandambili za bluu aliyekuwa akitembea mbele ya watu wale akitabasamu. Nilitamani wote wamsahau.

Halafu ikaja habari kwamba vipande vyote vya mradi vitapimwa upya. Kila kipande kiandikwe kwa jina la anayekilima, mwanamke naye, mjane naye, hata kama alitoka ng'ambo. Aliyeileta ni agronomu, mtaalamu wa kilimo, dada kijana mwenye buti za mpira, aliyepita shamba kwa shamba na kuzungumza na mama amesimama kwenye tope lile lile. Alimwambia kipande chake kinaonekana vizuri. Mama alikaa siku kadhaa akiimba. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: akiandikwa, pombe itaisha, na neno lile la Goreti litakuwa uongo. Niliomba kila usiku, na sikuombea mpunga.

Mkutano ulifanyika kwenye hangari ya kuhifadhia mpunga. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Agronomu alikuwa akitaja vipande kuanzia mwanzo wa mfereji, mtu anasimama, anataja jina, anaandikwa, anakaa. Tulingoja sana, maana kwenye maji na kwenye majina sisi tulikuwa mwisho.

"Kipande cha mwisho kabisa. Nani anakilima?"

Mama alisimama. "Mi njo nakilima. Nilitosha matete na hii mikono."

Agronomu alitabasamu, akainua kalamu. Hapo Mzee Melkiori akasimama pia, bila haraka, na sauti yake ilikuwa tamu.

"Mademoiselle, usiandike mbio. Mama Adela ni mutu wetu, tunamupenda. Ni kweli analima. Lakini analima kwangu. Mi nilimuazima."

"Nani anajua kama ulimuazima, Mzee?"

"Muulize yeye mwenyewe." Akamgeukia mama. "Mama Adela, kila mavuno unaniletea nini?"

Mama alitazama mabenchi. Walikuwepo wote. Niliwajua mmoja mmoja, maana mimi ndiye niliyewagawia mirija.

"Pombe," alisema mama.

"Juu ya nini?"

"Juu ya kipande."

"Na nani anaanza kunywa?"

"Mi."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Yule dada alishusha kalamu, na niliona kwamba hakutaka kuishusha. Akauliza mkutano mzima: "Kuna mutu anajua hii mahali ilikuwa ya nani mbele ya Mama Adela?"

Kila mtu alijua. Palikuwa mahali pa matete tu. Lakini kila mtu alikuwa na zamu yake ya maji, na zamu zilitoka mkononi mwa Mzee Melkiori. Mama Leokadia alikuwa ameketi mbele yetu kabisa. Nilitazama kisogo chake mpaka macho yakaniuma. Aliinua mikono, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, polepole, upande huu na upande huu, mpaka swali likapita. Kipande kikaandikwa kwa jina la Melkiori.

Tulianza kupanda kurudi nyumbani. Kwenye ubao wa mfereji sikuweza tena kujizuia. "Kwa nini haukukatala? Ungesema haukuletaka kitu."

"Nitakatala namna gani pombe yenye watu walikunywa?" alisema mama. Akasimama katikati ya ubao, maji yakipita chini yake. "Ningekatala, mi njo ningekuwa muongo, na wao wote wangebakia watu ya kweli."

Tulirudi kwenye mtama. Mvua ya mwaka ule, kwa ubishi wake, ilikuja vizuri, ikatunyeshea sisi wa juu sawasawa na wa chini, na mama alisimama mlangoni akaitazama. "Ile mvua haina prezida," alisema. Ndiyo mara pekee nilipomsikia akiligusa jambo lile. Mama Leokadia aliendelea kuja uani kuchambua maharage, na mama akaendelea kumpa kiti. Mimi nilimsalimu kwa midomo tu. Sikuelewa mama alipata wapi nguvu za kukaa naye, na kusema kweli nilimdharau kidogo kwa ajili ya nguvu hizo.

Maisha yalinisogeza mjini. Nilipoanza kupata, nilimwambia mama aje tukae wote Nyakabiga, akakataa, akasema mtama hauwezi kujilinda na ndege. Mzee Melkiori akafa. Wanawe wa kiume wakagawana vipande vyote vya mpunga pamoja na kile cha mwisho, na Goreti hakupewa hata kona, maana binti, walisema, ana kwao kwa mume. Kwa mume kule Ruziba ndoa ikavunjika, akarudi na mtoto, akawekwa kwenye jiko la nyuma la kaka yake. Habari hizo zilinifikia dukani nikiwa nakunja kitenge. Nilifurahi. Si sana, lakini nilifurahi, na furaha ile ilinifanya nishindwe kula mchana ule.

Siku ya kumaliza matanga ya mama, watu walikuwa wamekaa uani kwetu kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Mama Leokadia, mzee sasa, miguu imevimba, alikuwa kwenye kiti kile kile. Ndipo nikamwona Goreti anavuka ubao wa mfereji na mtungi kichwani. Wageni wengi walikuwa wameleta vinywaji, kwa hiyo nikadhani ni rambirambi. Lakini alitua mtungi mbele yangu, akapiga magoti.

"Adela, pole juu ya mama. Kaka zangu waligawana huko chini, mi sikupata. We uko mu mji, na hii shamba itabakia bila mutu. Niko na mutoto moja. Naomba mahali ya kuweka jembe."

Nikiri nini? Siku hii nilikuwa nimeiota. Kwa miaka nikifungua na kukunja vitenge nilikuwa nimeiandalia sentensi yake, na sasa ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tayari: Na nani anaanza kunywa, Goreti?

Lakini nyuma yake alikuwepo binti yake, amesukwa vizuri, anamkabidhi mama yake mrija. Fungu la mirija iliyobaki amelikumbatia kifuani.

"Jina lako nani?" nilimwuliza, ili kupata nafasi ya kupumua.

"Belise."

"Mumekuja kufanya nini, Belise?"

"Tumekuja kupatia watu pombe," alisema, kidevu juu. "Mama njo ataanza."

Goreti alifumba macho. Najua alikuwa amesikia kile nilichokisikia mimi, uwanja wa shule na sauti ya msichana anayejisifu kwa kitu asichokijua. Akanyoosha mkono kuchukua mrija, aanze.

Nikamwambia ngoja. Niliingia ndani, nikatoka na fungu la mama, yale matete tuliyoyakata kule mwisho wa mfereji kabla ya jembe lolote kufika. Nikachomoa mmoja, nikauosha, nikapiga magoti upande wa pili wa mtungi, nikainama, nikanywa. Tangu utoto sikuwa nimeigusa pombe hiyo. Ilikuwa bado vuguvugu.

Ukiwa umeinama vile huoni nyuso za watu. Sikuwa nimelijua hilo. Unaona miguu tu. Niliona visigino vya Mama Leokadia vilivyopasuka, viatu vya kanisani vya wageni, na karibu kabisa na mtungi kandambili mpya za mtoto, nyekundu, bado zina mng'aro wa dukani. Kumbe ndicho mama alichokuwa akikiona kila mavuno. Alikuwa akiona kandambili zangu. Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko kiu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka watu waone.

Nilipoinuka nilisema kwa sauti, "Mumeona wote. Mi njo nimeanza. Hii pombe ni yangu. Goreti hakuleta kitu, alikuja na jembe tu. Atalima huku, na mavuno haleti kitu kwa mutu."

Kuchezea desturi mbele ya watu wazima si jambo la kupigiwa makofi, na wengine walikuwa wanangoja kuona kama nimekunywa nyingi. Goreti alikuwa bado kwenye magoti, mikono usoni.

"Mi nimeona," alisema Mama Leokadia.

Tukamgeukia. Mikono yake ilikuwa imepanda kwenye kitambaa cha kichwa, kisha ikarudi mapajani bila kukigusa.

"Na ile mahali ya mama yako pia niliona. Ilikuwa matete tu. Haikuwa ya mutu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa sasa hivi. Mama alikuwa kule nyuma ya mihogo, chini ya udongo ambao mvua ilikuwa bado haijaulainisha. Masikio yangu yaliwaka, ya Mama Leokadia nadhani yaliwaka zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua la kufanya na ushahidi ule. Belise alichoka kungoja. Akafungua fungu lake akaanza kugawa mirija, akianzia kwa mama yake.